Hata Bingwa Yuko Chini ya Kanuni

Wapo wanaodai kwamba kanuni za michezo huwabana wanyonge tu, na kwamba mtu akishakuwa bingwa hufumbiwa macho. Sisi hatukubaliani na rai hiyo, na ushahidi wetu ni safari ya Bi. Carlota Ciganda, Mhispania mcheza gofu ya kulipwa.

Wasomaji wetu wengi wa visiwani hawajapata kuukanyaga uwanja wa gofu, lakini uzito wa jambo hili watautambua upesi. Bi. Ciganda alizaliwa mwaka 1990 mjini Pamplona. Mwaka 2007, angali mchezaji wa ridhaa, alitwaa ubingwa wa Uingereza wa wanawake wa daraja hilo. Mwaka 2012, akiwa mgeni katika mashindano ya kulipwa ya Ulaya, aliwapita wenyeji wote kwenye orodha ya mwaka. Mwaka 2016 akashinda mara mbili katika mashindano makuu ya wanawake yanayoendeshwa kutoka Marekani: Oktoba huko Korea ya Kusini, Novemba huko Mexico.

Basi Julai 2023, katika mashindano ya Evian nchini Ufaransa, waamuzi walimwongezea mapigo mawili kwa kuchelewesha mchezo. Alikata rufaa, ikakataliwa. Gofu ina ajabu yake: mchezaji mwenyewe ndiye mwenye dhamana ya kadi yake, na huitia sahihi kwa mkono wake. Yeye aliitia sahihi bila ya kuyaandika yale mapigo mawili, akaondoka. Akafutwa katika mashindano.

Hapana shaka alijiona ameonewa. Lakini twasema bila ya kificho kwamba waamuzi walitenda haki. Rufaa ikishasikilizwa na kukataliwa, mchezaji hana hiari ya kuandika hukumu yake mwenyewe. Na lau wangemwachia yeye kwa jina lake, wangemwambia nini binti asiyejulikana anayeadhibiwa kwa kosa lilo hilo?

Hata hivyo, hatukupendezwa na wale waliotaka kumpima mtu mzima kwa karatasi moja. Miezi miwili baadaye, Septemba 2023, Kombe la Solheim kati ya Ulaya na Marekani lilichezwa Hispania kwa mara ya kwanza, huko Finca Cortesín. Bi. Ciganda alicheza mara nne akashinda zote nne. Ya mwisho alimshinda Nelly Korda, na ushindi huo ndio uliohakikisha kwamba Ulaya haiachii kombe, ingawa matokeo yalikuwa sare ya 14 kwa 14.

Na wenye mamlaka nao wana wajibu wao: kanuni inayolalamikiwa irekebishwe kwa njia yake. Mwezi Machi 2025 wakuu wa mashindano hayo ya Marekani waliipanga upya adhabu ya kuchelewa kwa madaraja: anayezidisha sekunde 1 hadi 5 hutozwa faini, 6 hadi 15 huongezewa pigo moja, na 16 au zaidi mapigo mawili. Wameikaza kanuni, lakini wameipa vipimo ambavyo kila mchezaji anaweza kuvihesabu.

Juni 2025, chini ya kanuni hiyo mpya, Bi. Ciganda alishinda huko Michigan kwa tofauti ya pigo moja. Ulikuwa ushindi wake wa kwanza katika mashindano hayo tangu ule wa Mexico, karibu miaka tisa nyuma.