Chumba Kwanza, Maiki Baadaye
Kijana akipata fedha ya kuanzisha studio nyumbani, mbio za kwanza ni dukani kununua maiki ya kondensa, kwa kuwa ndiyo aliyoiona kwenye studio za wakubwa. Haraka hiyo haina baraka. Kondensa hudaka kila kitu: feni, bodaboda inayopita, jogoo wa jirani, na mwangwi wa kuta tupu na sakafu ya vigae. Tena nyingi zinadai umeme wa volti 48 kutoka kwenye kisanduku kinachoziunganisha na kompyuta. Kwa nyumba zetu za bati na madirisha ya nyavu, maiki ya dainamiki kama Shure SM58, iliyotoka mwaka 1966, inafaa zaidi: mwimbaji akiisogelea, inachukua sauti yake na kuziacha kelele nyingi nje. Fedha inayobaki inunue hedifoni zinazoziba masikio, mdundo usije ukavuja na kuingia kwenye maiki, pamoja na mapazia mazito. Asiye na hata hiyo aimbe mbele ya kabati la nguo lililo wazi. Khanga na makoti hunyonya mwangwi bure. Spika kubwa zisubiri. Sauti iliyoharibikia kwenye kurekodi haiponywi na spika yoyote.