Nimekosea: neno gumu kwa mlokole msomi

Jamani, leo nina dukuduku la siku kadhaa, naomba nilitoe.

Majuzi habari yangu ilitoka ukurasa wa kwanza. Ilihusu machinga wa Kariakoo na fedha wanazotoa kimyakimya ili meza zao zisivunjwe. Jina langu juu, herufi nene. Nilinunua nakala tatu (msicheke). Kesho yake akaja mzee mmoja muuza mitumba, nikaitwa mapokezi. Hakupiga kelele. Alifungua gazeti akaniambia, "Kijana wangu, maneno haya siyo yangu. Aliyesema ni yule wa meza ya jirani. Sasa wenzangu hata salamu hawanipi, wanasema nimewachoma."

Nilijua palepale kwamba ana haki. Kwenye daftari langu majina mawili yalikuwa yamebanana, nikayachanganya. Nikafanyaje? Nikamjibu kwa Kiswahili cha chuo kikuu kwamba taratibu za uhariri haziruhusu kugusa habari iliyokwishachapishwa. Uongo mtupu. Masahihisho tunayachapa mara nyingi tu. Akasema, "Haya mwanangu, Mungu akubariki," akaondoka.

Jumapili hiyo nilikuwa na zamu ya kuongoza maombi kanisani. Nikapiga magoti, nikamwambia Mungu kuwa mimi ni mavumbi. Baada ya ibada watu wakanishika mkono, eti maombi yalikuwa na upako.

Hapo ndipo ninapoona ugonjwa wetu. Unyenyekevu tumeufanya mkao wa mwili: sauti ya chini, macho chini, kujiita mtumishi asiyefaa. Kujishusha mbele za Mungu hakutugharimu kitu, kwani nani si mdogo kwake? Shughuli ipo mbele ya mtu wa darasa la saba aliyekukamata umekosea. Yule Farisayo wa Luka 18 naye alikuwa hekaluni, tena anasali.

Tarehe 11 Aprili 2019, Papa Fransisko, akiwa na miaka 82, alipiga magoti Vatican akabusu viatu vya Salva Kiir na Riek Machar, akiwasihi wadumishe amani Sudan Kusini. Mimi si Mkatoliki, lakini picha ile niliisambaza kwa kila niliyemjua. Nilikuwa chuo wakati huo. Nikaiwekea na maelezo marefu kuhusu uongozi wa utumishi. Unyenyekevu wa mtu mwingine ni mtamu kuutazama, bwana!

Kaka mmoja kazini amenionya kwamba nikikiri kila kosa sitapewa tena habari kubwa. Sibishi, ana hoja. Mkataba wangu ni wa miezi sita na kodi ya chumba hainisubiri. Lakini Mathayo 5 inamwambia mwenye sadaka aiache madhabahuni, aende kwanza kupatana na ndugu yake. Sijaona mahali inaposema asubiri mkataba uongezwe. Na huyu ndugu mwenyewe anakosa salamu za majirani zake kila siku ninayochelewa.

Jana nimempelekea mhariri aya mbili za masahihisho, kosa nikalitaja kuwa ni langu. Amezisoma, hajanijibu. Jioni nikapita Kariakoo. Nikamwona mzee anakunja mashati yake peke yake, nikavuka barabara kama mtu mwenye haraka.

Kesho narudi. Nikishamwamkia shikamoo, sijui nitaendelea vipi.