Diplome ao sertifika: tuuze ng'ombe kwa ajili ya nini?

Ndugu wanamemba, hapa Bunia mzazi akisikia "informatiki" anafikiri mara moja chuo kikuu: miaka 3 ya lisanse, minervali kila mwaka, na ng'ombe mmoja-mmoja anatoka zizini. Kozi ya sertifika inaweza kuisha kwa miezi michache. Tuchague nini?

Tuangalie kazi yenyewe. Sheria ya Ulaya ya 2023 juu ya misitu inadai kahawa na kakao inayouzwa kule ijulikane imetoka shamba gani. Shamba likipita hektari 4, mipaka yake yote ichorwe. Kijana anayejua kutumia GPS na kupanga hesabu kwenye ordinatere anaweza ile kazi, hata bila diplome.

Lakini tusidanganyane. Serikali na mashirika makubwa mara nyingi yanauliza diplome kwanza. Tena sertifika zingine zinaisha: ile ya Cisco, CCNA, inadumu miaka 3 tu.

Mawazo yangu: mtoto aanze na sertifika, koperative imupe kazi, mshahara umusaidie kulipa chuo. Na sisi, siku ya kuajiri, tusisome karatasi tu. Tumuweke mbele ya mashine, tuone anachofanya.