Kikombe kimoja cha maharage hakitoshi
Makala ya wazee kuacha nyama ni nzuri, ila imepita mbio kwenye kipimo cha protini. Mama yangu, miaka 71, aliacha nyama akabaki na ugali, mchicha na chai ya rangi. Haikuchukua muda akawa anashika ukuta ndipo ainuke mkekani. Mboga hazina kosa, protini ndiyo ilikuwa kiduchu. Mzee wa kilo 60 hushauriwa apate gramu 60 hadi 72 kwa siku. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kama 15 tu, soya karibu mara mbili yake. Sasa anakula kunde asubuhi, karanga mchana, maharage jioni, na anasimama na kukaa kitini mara kumi kila siku (kwa manung'uniko!). Vitamini B12 msiitafute kwenye mchicha, haimo. Ulizeni zahanati.