Komredi, leo unamcheka nani?

Komredi wa kozi ya afya, hii ni yako. Chukulia mko Kwa Vonza, daro imeisha, mko kibandani mkingoja chapati na maharagwe. Mwenzenu wa darasa anapita, yule mnayesema ni shoga. Mmoja anaigiza mwendo wake, meza nzima inacheka. Yeye anajifanya hajasikia. Kesho atakaa nyuma kabisa darasani. Wiki ijayo huenda asije.

Sikuombi ubadilishe dini yako. Nakuuliza swali la kazi: siku mtu kama yeye atakapolazwa wodini kwako, atakuambia ukweli kuhusu anachougua? Akijua utamcheka, atanyamaza. Na ugonjwa usiotajwa hautibiwi.

Tena kuna kibaya kuliko kicheko. Mwaka 2015 wanaume wawili walikamatwa Kwale, wakapelekwa hospitalini Mombasa kupimwa njia ya haja kubwa kwa lazima, eti kutafuta ushahidi wa ushoga. Waliowapima hawakuwa polisi. Walikuwa wahudumu wa afya, watu waliokaa darasani kama wewe. Mwaka 2017 Chama cha Madaktari Kenya (KMA) kilipinga vipimo vya kulazimishwa. Machi 22, 2018, Mahakama ya Rufaa mjini Mombasa ikaamua kwamba vilikiuka haki zao.

Najua utasema, "Lakini sheria inakataza!" Kweli, vifungu 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu bado vipo, Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta Mei 2019. Lakini visome vizuri. Vinahusu vitendo. Hakuna panapokuagiza umtusi mwenzako au umnyime mtu dawa. Katiba, kifungu 43, inampa kila mtu haki ya afya, na kifungu 28 kinalinda utu wake. Na kama bado kuna anayekufundisha kwamba ni ugonjwa wa akili, noti zake zimechakaa: Shirika la Afya Duniani liliuondoa kwenye orodha ya magonjwa mwaka 1990.

Basi ufanye nini? Si lazima ubebe bendera. Akikuambia siri yake, isiende kwenye grupu ya WhatsApp. Mkigawanywa wawili wawili kwa mazoezi ya wodini na hakuna anayemtaka, mchukue wewe. Mzaha ukianza, sema "wacheni hiyo." Mara nyingi sauti moja inatosha.

Vyuo navyo vina kazi yao: mshauri anayejua kutunza siri, mhadhiri anayekemea matusi badala ya kucheka nayo, na mahali pa kupeleka malalamiko bila kuanikwa. Tunawafundisha wauguzi kutunza siri za wagonjwa. Waanze na za wenzao.

Kwa hivyo akipita tena hapo kibandani, msogezee benchi akae.