TAA ZA PAMBO ZIPO, TAA YA NJIA IKO WAPI?

Maoni ya Mwanachama, Mokowe



Mwaka Mpya uliopita nilimchukua mama watoto pamoja na watoto wetu watatu, tukavuka kutoka Mokowe kwenda Amu kutazama mashindano ya vyombo vya tanga. Sisi wafanya kazi hatuna siku nyingi za kustarehe na jamaa zetu. Baba huondoka watoto wamelala, na akirudi huwakuta wamelala. Kwa hiyo siku hiyo niliiweka moyoni tangu mwezi wa kumi, na nauli nikaidunduliza kidogo kidogo.

Hakika tulifurahi. Upepo wa kaskazi ulikuwa mzuri, nasi tulipata nafasi ukutani karibu na gati. Ajuaye kazi ya bahari hawezi kuchoka kutazama mashindano yale. Hapana mashine, ni tanga, usukani na akili ya nahodha. Mabaharia hukaa juu ya ubao uliotokezwa nje upande wa joshi, ili chombo kisilale kwa upepo. Mdogo wangu wa miaka mitano aliniuliza, “Baba, wale hawaogopi kuanguka?” Nikamwambia kila mmoja pale amwamini mwenziwe, maana akihama mmoja bila kuambiwa wataanguka wote. Nilipokwisha kusema niliona kuwa nimemweleza maana ya Chama cha Wafanya Kazi.

Jioni boti kadha zilipambwa kwa taa za rangi, nyekundu na kijani na manjano, kutoka omo hata tezi, zikapita mbele ya mji zikienda na kurudi kwa ngoma. Maji yote yaling'aa. Watoto wangu hawakutaka kuondoka.

Sasa nitaeleza safari ya kurudi, nayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Tulipanda boti saa mbili ya usiku. Boti ile imeandikwa ubavuni watu 12. Mimi nilihesabu watu 21, na watoto wa kupakatwa sikuwahesabu. Jaketi za kuokolea zilikuwa tano, tena mbili zimekatika kamba. Taa hapana hata moja. Tulipofika katikati, boti nyingine ilitokea gizani mbele yetu, nayo haina taa. Nahodha wetu alipinda usukani kwa nguvu, boti ikalala, maji yakaingia. Mama watoto alimshika mtoto kwa mkono mmoja na ubao kwa mkono mwingine. Mungu alitusalimisha, hakuna aliyeumia. Boti ilipotulia, mtoto yule yule alisema, “Baba, mbona zile taa nzuri hawakutuletea huku?”

Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Nilimwuliza baharia. Akanijibu kwamba boti hiyo hiyo ilikuwa miongoni mwa zile zilizopambwa. Taa ziliwekwa kwa ajili ya wageni, na wageni walipoondoka zikavuliwa. Mwenye boti alimwambia taa ya simu yatosha. Naye baharia alikuwa kazini tangu alfajiri, amekula mara moja tu, na ujira wake ni ule ule wa siku zote, ikiwa ni sikukuu au si sikukuu.

Wako watakaosema kuwa jambo hili ni la bahati mbaya. La, si bahati. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka Mombasa, karibu sana na ufuko, ikaua watu 272. Ilichukua watu kupita kiasi chake, na wengi wao walikuwa wafanya kazi waliokuwa wakienda kazini asubuhi. Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama usiku kati ya Unguja na Pemba, nayo imejaa mno watu waliokuwa wakirudi makwao baada ya Idd. Misiba hiyo ilianza kwa maneno tuliyoyazoea sote: “Songea kidogo, mmoja tu aingie.”

Sheria ya bahari si ngeni. Kanuni za mataifa za mwaka 1972 za kuzuia vyombo visigongane zasema chombo kinachotembea usiku kiwe na taa, nyekundu upande wa kushoto na kijani upande wa kulia, na nyeupe nyuma. Hata ngalawa ndogo ya tanga au makasia, isiyoweza kuweka taa hizo, yatakiwa iwe na tochi au kandili tayari, ili imulikwe mapema kabla ya kugongana. Basi mwenye boti awezaye kununua taa za pambo kutoka omo hata tezi, ashindwe vipi na taa tatu za njia?

Najua majibu ya matajiri. Husema mafuta ni ghali na sikukuu ni chache, lazima wachume wakati zipo. Neno hili lina ukweli ndani yake, wala si kila mwenye boti ni tajiri. Wengine ni wavuvi wenzetu wenye chombo kimoja na deni. Lakini abiria ndio mali yao. Boti moja ikizama usiku wa sikukuu, mwaka wa pili hakuna atakayevuka, na hasara hiyo itawapata wenye vyombo wote, wema na wabaya.

Wako na wengine wasemao afadhali sherehe za usiku zikomeshwe kabisa. Hao siwaungi mkono. Sisi wa Amu twajua usiku wa kimya ulivyo. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 tuliwekewa kafyu, na wavuvi walikatazwa kuvua usiku. Nyumba nyingi zilionja njaa. Baharini usiku ni mahali petu pa kazi na pa furaha. Hatutaki pafungwe. Twataka pawe na usalama.

Kwa hiyo natoa maoni haya mbele ya wanachama:

Kwanza, kila boti ya abiria itembeayo usiku iwe na taa zake za njia, na tochi ya akiba. Pasipo taa, isiondoke gatini.

Pili, hesabu ya watu iliyoandikwa ubavuni ifuatwe, na mtoto ahesabiwe kuwa mtu. Jaketi ziwe sawa na hesabu ya watu, na ziwepo za kadiri ya watoto.

Tatu, siku za sherehe mabaharia wawe zamu mbili. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yampa mfanya kazi siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Baharia anayesinzia kwenye usukani ni hatari kuliko mawimbi. Naye pia ana watoto wanaotaka kuketi ukutani pamoja naye kutazama tanga.

Nne, na hili latuhusu sisi wenyewe. Usiku ule mimi niliona boti imejaa, nikapanda. Niliona hakuna taa, nikanyamaza, kwa sababu watoto walikuwa na usingizi na nilitaka kufika nyumbani. Kosa hilo siwezi kumtupia mwenye boti. Kama watu kumi tu tungalikataa kupanda, nahodha angalipata nguvu ya kumwambia bwana wake, “Abiria hawataki.” Baharia peke yake akikataa hufukuzwa, lakini abiria na baharia wakikataa pamoja, hakuna wa kumfukuza.

Mwaka Mpya mwingine waja, na watoto wangu wameanza kuuliza kama tutakwenda. Nimewaambia tutakwenda. Nimewaambia vile vile kuwa tukikosa boti yenye taa, tutalala Amu kwa jamaa mpaka asubuhi. Wazee wetu walikwisha kusema: Kawia ufike.

Wenu katika Chama,
Mwanachama, Mokowe