Wasifu wa babu usiishie kwenye vyeo

Kwenye misiba mingi huku Zagayu, wasifu wa marehemu husomwa harakaharaka, jua likiwa limeshainama na watu wamechoka kukaa. Alizaliwa mwaka fulani, akasoma hapa, akafanya kazi pale, ameacha mjane, watoto na wajukuu. Kisha unafika mstari ambao haubadiliki: marehemu aliugua kwa muda mrefu. Aliugua nini? Msomaji anakunja karatasi, kwaya inapokea.

Nikiwa mwandishi wa habari za afya, mstari huo hunikosesha raha. Leo naomba tumkumbuke mzee mmoja ambaye wasifu wake haukuishia hapo, hayati Edward Lowassa. Aliwahi kuwa askari, akawa waziri, na watu wa nyumbani kwake walimzika kama baba na babu.

Alizaliwa Monduli Agosti 26, 1953. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alisomea sanaa, zikiwemo za maonyesho, akamaliza 1977. (Wengi hushangaa wakisikia hilo. Hata mimi nilishangaa.) Mwaka uliofuata majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera, naye akawa miongoni mwa vijana waliovaa magwanda ya JWTZ katika vita vile. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979. Kijana aliyekuwa na miaka 20 vita vinaanza, sasa ameshapita 65. Ndiye guku anayekaa chini ya mwembe akichambua choroko, na wajukuu wanaompita wakienda shule hawajui kwamba aliwahi kutembea kwa miguu hadi Uganda.

Uwaziri wake ndio unaotugusa zaidi sisi wa Kanda ya Ziwa. Akiwa Waziri wa Maji na Maendeleo ya Mifugo, kuanzia mwaka 2000, alisimamia mpango wa kuvuta maji ya Ziwa Victoria kwenda Shinyanga na Kahama. Kulikuwa na mkataba wa mwaka 1929 kati ya Misri na Uingereza, uliotaka Misri iridhie kwanza kabla maji ya Nile na maziwa yake hayajaguswa. Tanzania ilikataa kufungwa na karatasi ya wakoloni, ikajenga kwa fedha zake. Maji yanachotwa Ihelele, wilayani Misungwi, yanasafishwa, ndipo yanasafirishwa.

Mama anayefukua mchanga wa mto kiangazi ili ajaze ndoo moja haelezwi maana ya jambo hilo. Maji yaliyotibiwa maana yake ni kuhara kidogo kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, homa ya matumbo kidogo, na mtoto kutolazimika kuingia kwenye lambo lenye konokono wa kichocho. Wakati mpango ule unaanza, Bariadi ilikuwa bado Mkoa wa Shinyanga. Simiyu ilizaliwa 2012. Mradi wa kuyaleta maji hayohayo ya ziwa kwetu umekuja baadaye, na wako wanaoyasubiri hadi leo.

Halafu shule za kata. Alipokuwa Waziri Mkuu alizisukuma kwa nguvu, na mimi ni zao la shule hizo. Maabara ilikuwa ni jina tu mlangoni, na walimu wengine ndio wale walioitwa vodafasta. Lakini bila shule ile nisingeandika safu hii.

Watoto wakiuliza, wasimuliwe na upande wa pili. Februari 7, 2008 alijiuzulu uwaziri mkuu kwa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond, akisema ameonewa. Maji ya Ihelele yalipozinduliwa mwaka 2009, yeye hakuwa tena serikalini. Mwaka 2015 akagombea urais kupitia Chadema, na afya yake ikageuzwa silaha ya kampeni. Watu walipima mikono yake inavyotetemeka na hatua zake jukwaani, wakajifanya madaktari.

Ndiyo maana tangazo la kifo chake lilinigusa. Alifariki Februari 10, 2024 katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na Makamu wa Rais wa wakati huo, Dk. Philip Mpango, akalitangazia taifa magonjwa yaliyokuwa yakimsumbua: kujikunja kwa utumbo, mapafu na shinikizo la damu. Alieleza hata kwamba matibabu yalianza Januari 2022 na kumfikisha Afrika Kusini. Mtu ambaye afya yake ilinong'onwa miaka yote, mwishowe ilisemwa wazi.

Kwa familia, maneno yale yana kazi. Utumbo ukijikunja, tumbo huuma sana na kuvimba, mgonjwa hutapika, hapati choo wala hatoi upepo. Hiyo ni dharura ya kukimbiza hospitali usiku huohuo. Haingoji mizizi ya jirani. Shinikizo la damu nalo huwa kimya. Vipimo vikisoma 140/90 au zaidi kwa siku tofauti, ni juu, hata kama mzee anajisikia mzima na analima. Apimwe akiwa ameketi na kupumzika dakika tano, asiwe ametoka kuvuta sigara wala kunywa kahawa. Akianzishiwa dawa, asiziache kwa sababu kichwa kimeacha kuuma.

Na ugonjwa huo hufuata ukoo. Mwenye baba au mama aliyekuwa nao ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuupata. Basi familia ikificha alichougua babu, inawaficha wajukuu habari za miili yao wenyewe. Najua kwa nini tunaficha: tunaogopa maneno ya mtaani, na wengine wanaogopa mchumba atakimbia.

Wazee wetu hawapendi kuhojiwa kama wako polisi. Anza na Kagera. Muulize alipita wapi, alikula nini, nani hakurudi. Akishanoga, muulize kama aliumia, amewahi kulazwa kwa ajili ya nini, na vile vidonge kwenye mfuko wa shati ni vya nini.

Majibu yaandike kwenye karatasi moja, uikunje ndani ya kadi ya kliniki ya mtoto, maana hiyo ndiyo hati isiyopotea ndani ya nyumba zetu. Andika ugonjwa na umri ulipoanza. Umri usiuache: babu aliyepata kiharusi akiwa na miaka 50 na aliyekipata akiwa na 80 ni habari mbili tofauti kwa daktari atakayekuja kumpima mjukuu.